Akili unde kwa kikosi cha nyanjani: ikikosea, nani atagundua?

Swali lilifika mezani kwangu Ijumaa saa kumi jioni, watu wameshakusanya mikoba yao: "Hii AI, tuchukue ipi?" Bosi alikuwa amerudi kutoka warsha ya Nairobi na kalamu mpya, mfuko wa kitambaa, na bajeti ya chombo kimoja kwa miezi sita. Kikosi chetu kinaendeshwa kutoka Kisumu. Ni maafisa ugani kumi na wanane: kumi na wanne wametapakaa Busia, Siaya na tambarare za Nyando, na wanne wako upande wa Nakuru, Molo na Njoro, kwenye viazi. Karibu wote wana pikipiki, wote wana simu, na hakuna hata mmoja mwenye muda wa kuchezea kitu ambacho hakimpunguzii kazi.

Jina lenyewe bado lina ubishi. Kuna wanaosema akili unde, ng'ambo ya Namanga wanasema akili mnemba, na vijana wangu wanasema AI tu wakaendelea na safari. Nitasema akili unde.

Nilichukua wiki tatu kuziweka aina tano za vyombo vya akili unde bega kwa bega. Matangazo sikuyasikiliza sana, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Niliuliza kila chombo swali moja: kikikosea, nani atagundua, na atagundua lini? Ni afisa wangu, akiwa bado ameishika simu mkononi? Au ni mkulima, mwaka mzima baadaye, akichimba muhogo na kukuta umeoza? Bei, kasi na uzuri wa Kiswahili chake niliviangalia pia, lakini baadaye.

Programu za gumzo

Hizi kila mtu anazijua: ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, Gemini ya Google, na ile duara ya Meta AI iliyojitokeza kwenye WhatsApp bila kubisha hodi. Faida yake kubwa ni kwamba tayari ziko mikononi. Nilipouliza mkutanoni nani ameshawahi kuzitumia kazini, kwanza kimya. Nikasema hakuna atakayeulizwa kitu. Mikono ikapanda kama ya watoto wa chekechea wakiulizwa nani anataka soda.

Na walikuwa wakizitumia kwa kazi ile ile wanayoichukia wote, ripoti ya mwezi. Afisa wetu wa Nambale alinionyesha. Daftari lake la mraba limelowa pembeni, na ndani kumeandikwa: "wakulima 23, wanawake 15, nafasi ya kupanda, mvua saa nane, 4 wanataka vipando." Anayaandika hayo hayo kwenye simu, na kabla chai haijapoa anapata ukurasa mzima wa Kiingereza cha kiofisi ambao wafadhili wanaupenda. Ila ule wa kwanza kabisa ulikuwa umeongezewa sentensi: washiriki walifurahia mafunzo na kuahidi kuyatekeleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwalimu, hawa watu walikimbia mvua. Nani aliahidi?" Akaifuta.

Mashine ilibuni, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa: inatabiri maneno yanayoelekea kufuata, na ripoti nyingi za mafunzo duniani huishia kwa watu kufurahi na kuahidi. Lakini huyu kijana alikuwepo. Alisimama na wale watu chini ya ule mwembe, na uongo ule aliuona kwa mara moja. Kosa lilizaliwa na kufa ndani ya dakika tatu, bila gharama.

Sasa nenda Molo. Majani ya viazi yanaungua kwa ukungu baada ya baridi ya wiki nzima, mkulima ameshika pakiti ya dawa, na afisa anaiuliza programu ya gumzo, sitaitaja jina, aweke kiasi gani kwenye pampu ya lita 20. Akajibiwa kwa Kiswahili safi, bila kusitasita, na namba. Lebo ya pakiti ilikuwa na namba nyingine. Akauliza tena kwa Kiingereza, ikaja namba ya tatu. Namba tatu kwa swali moja! Karani wa stoo angefanya hivyo angekuwa ameshaitwa kwa meneja.

Bahati ni kwamba pakiti ilikuwepo. Mara ngapi haipo? Dawa inapimiwa kwenye chupa ya soda, lebo imebaki dukani kwa muuzaji, na mkulima anategemea alichoambiwa. Hapo kosa halimkuti afisa. Linakwenda shambani, linaingia kwenye kiazi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zikikosewa, linafika mezani kwa mtu wa tatu aliyenunua chipsi Nakuru mjini. Isitoshe, orodha ya dawa zinazoruhusiwa hubadilika. Mwaka 2025 serikali iliondoa sokoni viuatilifu kadhaa, na modeli, yaani akili ya ndani ya programu, iliyofundishwa kwa maandishi ya kabla ya hapo inaweza kukupendekezea kitu ambacho agroveti hairuhusiwi tena kukiuza.

Kwa hiyo chombo kile kile kimefaulu na kufeli, na akili yake haikubadilika kati ya Nambale na Molo. Nambale, anayeuliza analijua jibu na anataka tu liandikwe vizuri. Molo, anayeuliza halijui. Kwa makaratasi, programu za gumzo sijaona za kuzishinda. Kwa vipimo vya dawa, ya mimea au ya watu, nimezipiga marufuku kikosini, na sitaki mjadala.

Chombo cha kazi moja: Nuru

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo.

PlantVillage Nuru ni programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Unaielekezea kamera kwenye jani, yenyewe inachora vijisanduku juu ya sehemu zenye dalili. Inatambua magonjwa ya muhogo, na pia viwavijeshi vamizi, wale walioingia Kenya mwaka 2017 na kula mahindi yetu mpaka tukaanza kuokota mmoja mmoja kwa mkono.

Tulikwenda Butula, kwenye shamba la mama mmoja ambaye muhogo wake ulikuwa na majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano katikati ya kijani. Mtu yeyote wa Busia aliyefika umri wa kuoa miaka ya tisini anaijua sura hiyo. Ni batobato, ugonjwa uliovuka kutoka Uganda ukafagia muhogo wa eneo lote hili, watu wakaacha kupanda. Nilitaka kuona simu mbili bega kwa bega kwenye jani hilo hilo.

Simu ya kwanza ilikuwa na programu ya gumzo. Tulipiga picha, tukatafuta mtandao, tukapanda kichuguu, tukaupata. Jibu lilikuwa refu na la heshima: huenda ni batobato, huenda ni upungufu wa madini, huenda ni utitiri, fikiria kunyunyizia dawa, wasiliana na afisa ugani aliye karibu. "Si ndiyo wewe?" mama akamwuliza afisa wangu. Hakuwa na jibu.

Simu ya pili, Nuru, ikachora vijisanduku na kutaja ugonjwa. Haikuwa na maneno mengi. Halafu inataka jani jingine, na jingine.

Hilo la jani jingine ndilo la kushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima wote kwa magonjwa ya muhogo. Kwa jani moja, Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima, kati ya 18 na 31. Lakini Nuru ilipoangalia majani sita ya mmea mmoja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Nilizisoma namba hizi mbele ya kikosi, kukawa kimya, kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio arobaini?"

"Arobaini hadi hamsini na nane," nikamjibu. "Wewe uko hamsini na nane."

Maana yake kikazi ni kwamba jani moja ni kama kurusha shilingi kwa adabu kidogo, na majani sita ni ushauri unaoweza kuusimamia. Afisa mwenye haraka atachukua moja awashe pikipiki. Ukikipa kikosi chako chombo hiki bila kuangalia kama wanafika sita, umewapa nusu ya chombo.

Na bado kuna ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi. Jani linaweza kuonyesha dalili hafifu tu, wakati chini ya udongo mizizi imeshakauka na kuoza madoa ya kahawia. Kamera haichimbi. Mama wa Butula alilijua hilo kabla yetu: alileta panga, akang'oa shina moja la pembeni, akaukata muhogo vipande kama wa kuchemsha, akatuonyesha nyama yake nyeupe. "Huu ni mzima, mwanangu. Kinachonisumbua ni majani tu." Kwa hivyo simu ikasema batobato, na panga likasema si michirizi. Dakika kumi, shina moja.

Ndiyo maana Nuru ilipata alama za juu kwangu. Inakosea, tena namba zake zinakiri. Lakini kosa lake linaweza kukamatwa pale pale shambani, kwa macho na kwa panga, kabla ushauri haujatolewa. Na ushauri wenyewe kwa magonjwa haya haupitii agroveti: ni virusi, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayoviponya. Unang'oa mimea iliyougua, unatafuta vipando safi vya aina inayostahimili, unaangalia nzi weupe. Ile simu ya kwanza iliyosema "fikiria kunyunyizia" ingemgharimu mama yule hela za bure.

Udhaifu wake ni wembamba. Ukiiuliza habari za mkopo, ratiba ya wiki au barua kwa chifu, haina habari. Ni jembe, na jembe halichoti maji.

Sauti kuwa maandishi

Maafisa wengi wanachukia kuandika lakini wanaongea bila kuchoka, kwa hiyo wazo la kurekodi sauti na kuacha mashine iandike lilipokelewa kwa makofi. Kwa wale wanne wa Molo na Njoro, wanaorekodi kwa Kiswahili kitupu, lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa majina ya mahali. Mau Narok ilirudi ikiwa "maua na roki". Tumelicheka, tukalisahihisha, tukasonga.

Huku kwetu mambo ni mengine, na aliyenifumbua macho ni dada yangu. Yeye ni mhamasishaji wa afya ya jamii upande wa Ahero, mmoja kati ya wale laki moja na zaidi ambao serikali ilianza kuwakabidhi mikoba ya vifaa na simu Septemba 2023. Ana kaya zipatazo mia moja. Anatembea nyumba hadi nyumba, anapima presha, anapima watoto, anajaza fomu. Nilimwomba ajaribu programu ile ile ya sauti kwa siku moja, kwa maelezo ya kubuni, bila jina la mtu yeyote.

Akarekodi kama anavyoongea kila siku, Kiswahili kikianza, Kijaluo kikimalizia: "Nyathi ok chiem, nimemwambia mama aende kituo cha afya." Yaani mtoto hali chakula. Ikarudi imeandikwa: "Mtoto yuko OK, nimemwambia mama aende kituo cha afya."

Asiyejua Kijaluo ataipita sentensi hiyo bila kusimama. Anayejua atashika kichwa. "Ok" ya Kijaluo ni kikanushi, ndiyo "si" na "ha" yetu. Mashine ililisikia neno sawasawa kabisa, herufi zote mbili, ikalipeleka lugha nyingine. Dada akaisoma mara mbili, akanigeuzia simu. "Kaka, hii kitu imemponya mtoto kwa herufi mbili."

Sasa rudi kwenye swali langu. Nani angegundua? Msimamizi aliyeko mjini anasoma maandishi hamsini kwa siku, na hili linasomeka vizuri, halina kasoro ya sarufi. Asingegundua. Kosa lenye sura mbaya lina nafuu, kwa sababu "maua na roki" inajitangaza yenyewe. Lile linalosomeka vizuri ndilo la kuogopa.

Mambo hayajasimama, lazima niseme hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, hapa jirani tu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Africa Nazarene, walikusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus: maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo, na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kilogooli, Kibukusu na Kimarachi. Mwaka 2024 Google iliongeza Kijaluo kwenye huduma yake ya tafsiri. Lakini mazungumzo ya Ahero hayakai ndani ya lugha moja kwa sentensi nzima, na hapo ndipo mashine inapoteleza.

Kuna na jambo la sheria, ambalo wengi wetu tunalipita kama kibao cha "usikanyage nyasi". Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, mwenye dhamana nayo ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Sauti ya mama akieleza ugonjwa wa mwanawe, ikipakiwa kwenye programu ya bure ambayo hujui inaihifadhi wapi, imeshatoka mikononi mwako. Ukiwa na kikosi cha afya, hapa usianze na ubora wa chombo. Anza kwa kuuliza seva, yaani kompyuta inayohifadhi sauti hizo, iko wapi na nani anasikiliza.

Meseji yenye mtu nyuma yake

Aina ya nne haimpi afisa chombo kabisa. Inampa mwananchi namba ya kutuma meseji. Mfano ulio wazi ni PROMPTS ya Jacaranda Health, shirika lililoko Nairobi, kwa akina mama wajawazito na waliojifungua. Mama anaandika meseji ya kawaida, hata kwa kabambe, ile simu ya vitufe. Mashine inasoma swali, inalipanga kwa uzito, na yaliyo ya hatari yanasogezwa mbele kwa wahudumu. Mwaka 2023 shirika hilo hilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama ya kampuni ya Meta.

Ninachopenda ni mgawanyo wa kazi. Mjamzito mmoja anauliza kama anaweza kula nanasi. Mwingine, kwa dakika ile ile, anaandika kwamba kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Wa kwanza anaweza kungoja kesho. Wa pili huenda presha imepanda, na hapaswi kungoja hata saa moja. Kati ya meseji mia nne, mtu aliyechoka anaweza kumfikia wa pili saa kumi na moja jioni. Mashine inamfikia mara moja, halafu mtu ndiye anayejibu.

Kosa la aina hii ni kupanga vibaya: swali zito kuwekwa chini ya rundo. Anayeumia ni yule anayengoja, na yeye hajui kama amewekwa chini. Kwa hiyo ukiuziwa huduma ya namna hii, usiulize mashine inajibu kwa sekunde ngapi. Uliza meseji ya mwisho kabisa kwenye foleni inasomwa na mtu baada ya saa ngapi. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Gharama yake haimo kwenye programu. Imo kwenye watu wanaokaa kujibu, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapokata tamaa na kuiachia mashine ijibu peke yake. Ikifika hapo imegeuka programu ya gumzo tu, tena mbaya zaidi, kwa sababu mama anaamini kuna muuguzi upande wa pili.

Mlinzi wa kimya

Hii nitaipita haraka kwa sababu si ya kikosi kinachopanda pikipiki. Penda Health ya Nairobi pamoja na OpenAI walichapisha mwaka 2025 matokeo ya chombo kiitwacho AI Consult, katika ziara 39,849 za wagonjwa kwenye kliniki 15. Kinakaa ndani ya mfumo wa rekodi za kompyuta. Mhudumu anaandika, chenyewe kinakagua na kuonyesha rangi: kijani, manjano, au nyekundu inayomtaka asimame kwanza. Waliokuwa nacho walipunguza makosa ya utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13 wakilinganishwa na wasiokuwa nacho. Tofauti ya wazi katika afya ya wagonjwa wenyewe baadaye haikuonekana. Na wenye kliniki na wenye modeli ndio walioandika utafiti, kwa hiyo usome ukijua hivyo.

Kinachofundisha ni mpangilio wa nani anatangulia kusema. Kwenye gumzo, mashine inasema kwanza, mtu anakagua, na mtu aliyechoka huwa anakubali tu. Hapa mtu anaamua kwanza, mashine ndiyo inayokagua. Tena waligundua kwamba kukiweka tu hakutoshi. Ilibidi wawepo wenzao wa kuwafuata wahudumu na kuwazoesha kuijali ile nyekundu. Kama una kliniki Nakuru au Kisumu yenye kompyuta kila chumba na umeme wa uhakika, hii ndiyo ya kuiangalia kwanza. Kama zahanati yako bado iko kwenye rejista ya karatasi, anza na kompyuta.

Tulichokiamua

Bosi alitaka jina moja. Nilimpa ukurasa.

Busia na Siaya wanachukua Nuru, majani sita kwa mmea, na shina moja linang'olewa na kukatwa kabla neno halijatoka mdomoni. Picha za majani sita zinakuja kwangu kila Jumatano. Zikija tano, napiga simu.

Programu za gumzo zinaruhusiwa kwa wote, ripoti na barua tu. Hakuna jina la mkulima, hakuna namba ya kitambulisho, hakuna kipimo cha dawa. Anayeandika ripoti anaisoma yote kabla ya kutuma, na akinitumia mkutano ambao kila mtu aliahidi na kufurahi, nitajua hakuisoma.

Sauti inaendelea Molo na Njoro. Nyando na Siaya tumeisimamisha. Wawili walilalamika kwamba wanabaguliwa, na kusema kweli wana haki ya kulalamika: wanaoongea lugha nyingi ndio wanaoandika kwa mkono. Nimewaambia tutaijaribu tena mwakani, na wao ndio watakaoitungia mtihani. Swali la kwanza wameshalipata.

Halafu ile namba ya meseji. Wakulima wetu tayari wanatuma maswali, mvua za Machi zikianza yanamiminika kama kumbikumbi, na hayasomwi yote. Hapa ndipo nilipopeleka sehemu kubwa ya fedha: afisa ugani mstaafu, mwenye miaka thelathini ya kuvaa gambuti, akae Kisumu siku tatu kwa wiki na simu moja. Mashine itapanga maswali, ajibu yeye. Zilizobaki ni za bando na betri za akiba, kwa sababu afisa wa Ugenya huwa anaizima simu saa saba mchana ili imfikishe nyumbani.

Bosi aliusoma ukurasa hadi mwisho, akaugeuza kuona kama kuna nyuma.

"Kwa hiyo hela ya AI umeajiri mzee?"

"Na bando, mkubwa."

Akatafuta ile kalamu mpya ya warsha, akasaini.